Saa ya sekunde 24 ya Birere: honi nzuri, kitufe cha kuchunga

Saa hii inahesabu sekunde 24 ambazo timu ya mpira wa kikapu inazo za kurusha mpira kikapuni. Inauzwa Birere, mtaa wa biashara wa Goma, kwa jozi: vibao viwili vya namba nyekundu, honi ndani ya kila kibao, na kidhibiti cha mezani chenye waya mrefu. Kwa klabu ya Goma inayochezea kiwanja cha wazi, cha kupima kwanza ni kinachotokea sekunde zikiisha na mwamuzi akapuliza.

Hapo ndipo inaposumbua. Ukibonyeza kitufe cha 24, saa inaanza kuhesabu papo hapo. Beki akinyaka mpira uliogonga ringi, hakuna shida, mchezo haujasimama. Lakini baada ya kosa la sekunde 24 wapinzani wanarusha mpira kutoka nje, na kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, saa haitembei mpaka mchezaji aliye kiwanjani auguse. Mrushaji ana sekunde 5. Akizila karibu zote, mwenzake anapokea namba ikisoma 20, na hakuna aliyekosea ila mashine. Dawa ni kubonyeza SIMAMA kwanza, ndipo 24, namba inaganda. Kidole kikae juu ya ANZA na macho yafuate mikono ya mpokeaji, si ya mrushaji.

Kitufe cha 14, yaani sekunde zinazotolewa badala ya 24 katika hali fulani, hakipo. Unashikilia kile cha 24 kwa sekunde 2 nzima, na kwa rebaundi ya mshambuliaji (mpira umegonga ringi, timu ileile ikaudaka tena) huo ni muda mrefu mno: ubao unaonyesha 24 kwanza, makocha wanasimama. Baada ya kosa la sekunde 24 utaihitaji mara chache, maana waliokosea kwa kawaida walikuwa wakishambulia, kwa hiyo wapinzani wanaanzia nusu yao ya nyuma na kupata 24. Ila beki akiupangusa mpira ukarudi nusu ya nyuma ya washambuliaji, nao wakaukimbilia na honi ikawakuta huko, wapinzani wanarushia kwenye nusu yao ya mbele: ni 14. Meza iliyozoea kubonyeza bila kutazama inanaswa hapo.

Honi yenyewe ni safi, inazishinda hata pikipiki za barabarani. Hata hivyo mlio wake usifanane na wa saa ya mchezo. Sikilizeni zote mbili kabla ya kulipa. Ikilia mpira ukiwa hewani, meza isiguse kitu. Ukiingia, kikapu ni halali. Ukigusa ringi, mchezo unaendelea. Usipoigusa ni kosa, isipokuwa wapinzani wameudaka mara moja na wazi, hapo honi inapuuzwa. Subirini filimbi na vidole vya mwamuzi begani. Mpira unarushiwa mahali pa karibu na pale mchezo uliposimama, lakini kamwe si nyuma ya ubao wa kikapu.

Sehemu za kumi za sekunde zinaonekana kwenye sekunde 5 za mwisho, inavyotakiwa. Jua la saa nane mchana linazifuta namba. Kofia ya katoni nyeusi juu ya kibao inasaidia. Vumbi la lava linaingia kwenye matundu ya honi, kwa hiyo kitambaa chepesi ni lazima. Waya ufungwe kwa utepe, upite nyuma ya meza, usikatize mstari wa pembeni.

Dukani, mwombeni muuzaji awashe. Bonyezeni SIMAMA, kisha 24, mhesabu polepole hadi tano. Namba ikihama, msiinunue.