Vifaru vyangu vya risasi na yule dada wa kaunta

"Mtu mzima na mvi zako unaagiza midoli Ulaya?"

Hayo ndiyo niliyotoka nayo pale dirishani, mbele ya foleni ya watu kumi na ushee, siku nilipokwenda kuchukua kifurushi changu kwenye ofisi moja ya kusafirisha mizigo hapa Mwanza. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya feni, maana feni ilikuwa inafanya kazi.

Kwa wasionijua: ninakusanya majeshi ya mezani, ya madini, kipimo cha 1/300. Maana yake askari mzima na bunduki yake ana urefu wa milimita sita. Akidondoka kwenye zulia, msomee dua. Kifaru cha Type 59, kile cha Kichina ambacho jeshi letu lilikwenda nacho kumtoa Amin, kinakuwa na bodi ya sentimita mbili, na mtutu unaochomoza mbele sentimita moja, mwembamba kama mwiba wa sato. Huo mtutu muukumbuke, ndio kesi yenyewe.

Ninachotengeneza ni mapigano ya Lukaya kule Uganda, Machi 1979. Barabara ya kwenda Kampala inapita kwenye kinamasi cha ziwa letu hilihili, Walibya wa upande wa Amin na vifaru vyao vya T-55 wanashuka kuja Masaka, vijana wetu wanarudishwa nyuma kwanza, halafu wanawageuzia kibao. Baba mdogo alikuwa mgambo, akachukuliwa, akavuka Kyaka na wenzake. Haongei sana habari hizo. Ila kila akija kwangu Nyakato lazima apite mezani kukagua, na mafunjo yangu (nyuzi za ufagio wa zamani, nimezipaka kijani) alishayakataa mara mbili kwamba ni mafupi.

Sasa, vitu hivi huku havipo. Muuzaji wangu yuko Uingereza, na Type 59 ni nakala ya T-54 ya Kirusi, kwa hiyo naagiza T-54 napaka rangi, basi. Sababu ninayo, nia ninayo. Uwezo ndio unakuja mwisho wa mwezi, kwa mafungu. Vifaru kumi na viwili vile nilivichangia kama mtu anayechangia harusi.

Ilikuwa kabla masika hayajakolea, miezi minne hivi iliyopita, labda mitano. Napigiwa simu: njoo, mzigo wako upo. Nafika. Dada yuko kwenye simu yake, nasubiri. Anamaliza, anachukua kifurushi, anakitingisha. Kinalia kacha kacha.

"Ndani kuna nini?"

Hapa nikiri, kosa la kwanza ni langu. Ningesema "mapambo" ningekuwa nyumbani saa nne asubuhi. Lakini mimi mtu wa ukweli, nikajibu:

"Vifaru vya risasi."

Jamani. Nimeishi na Kiswahili miaka yote hii, sikuwahi kuona kinavyoweza kumweka mtu ndani kwa maneno matatu. Kwanza alisikia vifaru wa porini. Niliona macho yake yakienda kwenye pembe. Kabla sijamweleza, lile neno la mwisho nalo likafika.

"Risasi?"

"Siyo risasi za bunduki dada. Risasi madini."

"Risasi ni risasi, kaka. Usinichezee."

Akachukua wembe, akachana boksi. Yule Mwingereza alikuwa amefunga vizuri, lazima nimpe haki yake: kila vifaru vitatu kwenye kimfuko chao, sponji chini, sponji juu. Dada akang'oa sponji zote, akamwaga vifaru kaunta kama mtu anayemwaga dagaa kwenye turubai pale Mwaloni. Kisha akaanza kuvibonyeza na kidole gumba. Kimoja kimoja. Kubonyeza ili iweje? Ukishaamini ni risasi, unabonyeza?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja nyuma yangu, ana furushi la nyavu begani. Akasogea, akaangalia, akasema taratibu: "Mayo, risasi hii hata sisi tunaifunga kwenye nyavu zizame. Haiui mtu hii, labda aimeze." Foleni ikacheka. Na dada, badala ya kunirudishia mali yangu na neno la pole, ndipo akaokoa uso kwa lile la mvi na midoli. Foleni ikacheka tena, safari hii nachekwa mimi.

Halafu sikilizeni hili. Akavirudisha vyote kwenye mfuko mmoja, sponji akazitupa kwenye ndoo, akapiga stepla juu mara tatu, akanidai elfu tano "ya kuhifadhi", kwa sababu mzigo umekaa siku nyingi. Umekaa kwa nini? Kwa sababu hakunipigia mapema! Namba yangu ilikuwa juu ya boksi, kubwa kama bango. Nililipa. Risiti sikupewa. Nilipouliza akaniambia mashine haina karatasi, na akamwita anayefuata.

Nyumbani nikavipanga mezani chini ya taa. Mitutu tisa kati ya kumi na miwili imepinda. Mingine imeangalia chini kama inanusa, mmoja umekunjika kabisa kurudi nyuma, kifaru kinajilenga chenyewe. Kilichopigwa stepla kilikuwa na kovu mgongoni.

Mtaniambia nyoosha. Nilinyoosha. Madini haya siyo risasi tupu, yanachanganywa na bati na antimoni ili yajaze kalibu vizuri na yashike maumbo madogo, na mchanganyiko huo una tabia yake: mara ya kwanza unakubali ukiubembeleza kwa kucha, mara ya pili unakatika. Nikanyoosha mitano. Minne ikakatika, ile "tik" ndogo, haina hata kelele ya kuumia nayo. Usiku huo sikula. Mke wangu aliuliza kama kuna msiba.

Kwa wiki kama mbili sikugusa meza. Nilikuwa naandika malalamiko kichwani nikiwa kwenye daladala, nikiwa kanisani, kila mahali. Niliwahi kufika mpaka mlangoni kwao nikageuka, kwa sababu nilimwona ni yeye yuko dirishani na nilijua atasema nini.

Kilichonirudisha mezani ni fundi cherehani wa jirani. Nilikwenda kupunguza suruali, nikaona pini zake zimechomekwa kwenye kile kimto. Nikaomba kumi, akanipa kiganja kizima. Unakata kichwa cha pini kwa praizi (fumba macho, vinaruka), unatoboa mbele ya kichwa cha kifaru kwa keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, taratibu, maana ukisukuma kwa hasira unatokea upande wa pili. Halafu tone la gundi kwenye ncha ya kijiti cha meno. Gundi hii ya matone hukaushwa na unyevu, na hapa ziwani unyevu haujawahi kuadimika. Una sekunde chache tu za kuunyoosha mtutu kabla haujaganda ulipo. Mara mbili niliganda mimi na kifaru. Ukimaliza pitisha tupa kwenye mshono wa kalibu, na kabla ya kushika chochote cha kula nenda kanawe kwa sabuni. Yule mzee wa nyavu hakutania aliposema labda uimeze. Risasi ni sumu, karanga na tupa havikai meza moja.

Na hapa ndipo naona aibu kidogo. Mtutu wa pini ni mzuri kuliko wa kiwandani. Umenyooka, mwembamba zaidi, ukiugonga unaumia wewe. Baba mdogo alipokuja akakiinua kimoja, akakisogeza karibu na jicho, akanyamaza muda mrefu kidogo. Kisha akasema: "Hiki sasa." Akakirudisha barabarani palepale kilipokuwa. Nikaishia kung'oa hata ile mitatu mizima ili vyote vifanane.

Kwa hiyo nimshukuru yule dada? Hapana! Mtu akikuibia baiskeli ukapata afya kwa kutembea, bado ni mwizi.

Lakini kuna la pili, nami nimeahidi ukweli. Juzijuzi nimeagiza tena, T-55 kumi kwa ajili ya Walibya. Safari hii simu ilikuja siku hiyohiyo mzigo ulipofika. Naingia nimejiandaa, hotuba iko kinywani tangu stendi. Dada ananiona, ananyanyua kichwa: "Baba Vifaru, shikamoo." Shikamoo! Baada ya mvi zangu kutangazwa! Nikaitikia marahaba kabla sijajua ninafanya nini, hotuba ikapotea.

Akainama, akatoa kifurushi chini ya kaunta, siyo kwenye rafu na vingine. Hakijachanwa. Juu yake kuna karatasi imebandikwa kwa gundi ya utepe, mwandiko wake, wino mwekundu: MIDOLI. SIYO RISASI. MSIFUNGUE.

Sikujua nikasirike au nicheke. Bado ni midoli. Lakini nilipofungua nyumbani, mitutu kumi, yote imenyooka, sponji juu, sponji chini. Hata kuhifadhi sikudaiwa.

Basi nyota tatu. Hapana, tatu ni nyingi, sponji zangu zilikwenda na taka. Mbili na nusu. Kama una mzigo mdogo wa kuvunjika, wapitishie hao hao, ila ukiulizwa ndani kuna nini, sema mapambo. Na ile elfu tano ya kwanza bado naidai. Nilimkumbusha nikiwa natoka, akasema mashine imepata karatasi lakini haina wino.