Kutoka dijitali kwenda mkanda: kamera ya kununua ukiwa Tanga

Kabla ya kuuliza bei ya kamera, uliza bei ya mkanda. Kamera unainunua mara moja, lakini mkanda wa picha 36 ukiisha unanunua mwingine, na kuusafisha ili picha zitokee nako kuna gharama yake. Kwa hiyo sikuzipanga kamera hizi kwa sifa za mitandaoni. Nimeangalia ipi itakubakishia hela ya mikanda na ipi itavumilia chumvi na joto la Tanga.

Namba moja naipa Pentax K1000. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hivyo zipo nyingi. Shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, inaendeshwa na springi. Betri ni ya mita ya mwanga tu, nayo ni ile LR44 ndogo ambayo hata fundi saa huwa nayo. Ikikuishia kwenye magofu ya Tongoni, endelea kupiga: jua kali, mkanda wa ISO 200 (namba ya wepesi wa mkanda kunasa mwanga), tundu la lenzi f/16 (namba ikikua, tundu linabana), shata 1/250 ya sekunde. Haina swichi ya kuzimia, kwa hiyo usipoteze kifuniko cha lenzi. Lenzi ikikaa wazi mita inakula betri. Kasoro yake ni kwamba shata inaishia 1/1000. Ufukweni Raskazone saa sita mchana, kwa mkanda wa ISO 400, utalazimika kubana tundu hadi f/11, na zile picha ambazo nyuma ya mtu kumefifia usahau. Weka mkanda wa ISO 100 au subiri jua lipoe.

Ya pili ni Nikon FM2 ya mwaka 1982. Kwa ubora inaipita K1000: inafika 1/4000 na haihitaji betri kufyatua. Bei ndiyo iliyoishusha. Lakini kama tayari una lenzi za Nikon zenye pete ya kuchagulia tundu, kwako wewe hii ndiyo ya kwanza. Lenzi za G hazina pete hiyo, na za DX, zilizotengenezwa kwa kamera za dijitali zenye sensa ndogo, zitakutia giza kwenye pembe za picha.

Ya tatu ni Canon EOS 300 ya mkanda. Ni ya plastiki na watu wanaidharau, jambo zuri kwa mnunuzi. Kama dijitali yako ni Canon, inapokea lenzi za EF ulizonazo (siyo EF-S, ambazo ni za sensa ndogo) na inalenga yenyewe. Inatumia betri mbili za CR2 na bila hizo haifanyi kitu, basi nunua na za akiba.

Zenit-E ya Mrusi ni ya nne: nzito, mita yake mara nyingi imeshakufa, ila lenzi ya Helios 44 ni tamu kuliko kamera yenyewe. Mwisho kabisa Canon AE-1. Najua wengi watanuna. Betri yake ya volti 6 ikifa shata haifyatuki, na bado unalipia jina.

Yoyote utakayochagua, usilipe kabla hujafungua mgongo wake. Fungua tundu la lenzi lote, mulika kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, mwachie mwenyewe. Gusa sponji za pembeni mwa mgongo kwa ukucha. Zikinata, mwanga utapenya, ingawa kuzibadilisha ni kazi ndogo. Piga kwa sekunde moja (kwa Zenit-E, 1/30) usikilize kama shata inakwama. Nyumbani itunze kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu.

Mkanda wa kuanzia uwe wa nyeusi na nyeupe, maana unaweza kuusafisha mwenyewe jikoni. Dawa yake kwa kawaida hutumika kwenye nyuzijoto 20, na maji ya bomba letu hayajawahi kuwa hivyo, kwa hiyo andaa barafu. Ile kamera ya dijitali usiiuze: ukiwa na lenzi ya kupigia vitu vya karibu na kioo cheupe cha tableti chini ya negativu (mkanda uliokwisha kusafishwa), ndiyo skana yako.