Uzoefu wangu: upasuaji ulioahirishwa mara mbili Mwanza

Nimefanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi katika hospitali moja kubwa hapa Mwanza. Nimepona, namshukuru Mungu. Ila nilifanikiwa tarehe ya tatu niliyopangiwa, na hizo mbili za mwanzo ndizo zimenifanya niandike.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeshavalishwa gauni la kijani, kanula mkononi. Saa tatu asubuhi daktari wa usingizi akafungua faili, akanivuta kope ya chini, akauliza, "Mama, damu ilipimwa lini?" Miezi miwili nyuma. Wakapima kiwango cha damu: 7.4, kidogo mno. Mimi ni mtu wa kutokwa na damu nyingi kila mwezi, upasuaji wenyewe unavuja, na benki ya damu hakuna chupa iliyotengwa kwa jina langu. Akakataa kunipa dawa ya usingizi, na alifanya sawa kabisa. Kinachoniuma ni kwamba kipimo cha dakika chache kilingoja mpaka asubuhi ya kisu. Kingefanyika kliniki wiki kadhaa kabla, ningeanza vidonge vya kuongeza damu na ndugu wangechangia mapema.

Siku hiyohiyo mama wa kitanda cha jirani alirudishwa kwa presha. Alikuwa ameacha dawa zake tangu jana yake, akidhani kuambiwa asile ni pamoja na vidonge. Hakuna aliyemfafanulia kwamba vipo vya kuacha, na vipo vya kumeza asubuhi kwa funda la maji. Jamani, ulizeni hili, kila dawa kwa jina lake.

Mara ya pili damu ilikuwa 10.6, wifi yangu na vijana wawili wa Mwaloni Kirumba, ninakouza dagaa, wamechangia. Nilikuwa wa nne kwenye orodha. Wakaingia wajawazito wawili wa dharura, kisha majeruhi wa bodaboda. Silalamiki kupishwa kwa mtoto anayekata pumzi tumboni. Nalalamika kwamba orodha ilikwama tangu mchana, na mimi nikaambiwa saa kumi na moja jioni. Midomo imepasuka, kichwa kinagonga. Uji wa wifi ulikaa kwenye chupa ya chai chini ya kitanda tangu alfajiri, naunusa. Chakula huachwa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu saa mbili kabla. Mimi nilikaa saa kumi na tisa bila hata tone. Mtu mmoja angepita wodini saa saba akasema "leo haiwezekani", ningekunywa.

Wifi anatoka Sengerema. Siku hizi anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, hangoji kivuko tena, lakini nauli ni ileile ya kwenda na kurudi, na meza yangu ya dagaa ilifungwa kila safari.

Mara ya tatu sista alikuja usiku, akaketi kitandani: "Mama, kesho wewe wa kwanza. Damu yako chupa mbili zipo, nimeziona mwenyewe." Nililala fofofo. Saa mbili asubuhi nikaingizwa.

Kwa mikono ya madaktari na wauguzi natoa nyota tano. Kwa kumwambia mgonjwa kinachoendelea, mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule sista.