Tathmini ya jembe uma: kung'oa sangari bila viuagugu vya viwandani

Kwa mkulima mdogo wa nyanda za juu za Kenya ambaye shamba lake limevamiwa na sangari, nyasi sugu inayotambaa chini ya ardhi, na ambaye hataki kunyunyizia viuagugu vya viwandani au hawezi kufanya hivyo kwa sababu ya masharti ya soko lake, sijaona kifaa cha bei nafuu kinachofaa kuliko jembe uma, yaani lile jembe la meno matatu au manne ambalo maduka ya vifaa huliuza kwa jina la foku jembe. Nimelitumia kwa misimu kadhaa katika shamba la kahawa, mahindi na viazi huko Murang'a, na ninalipendekeza kwa masharti mawili ambayo wauzaji hawana desturi ya kuyataja: jembe lenyewe liwe limefuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, na lipelekwe shambani wakati ambapo udongo ungali na unyevu chini huku jua likiwaka juu. Asiyezingatia hayo atatokwa na jasho la bure, na sangari itarudi ikiwa imestawi zaidi.

Ubora wa kifaa hiki hauonekani mpaka mtu aijue sangari yenyewe. Nyasi hii, ambayo wataalamu wa mimea huiita Digitaria abyssinica, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, na mahali pake porini haina ubaya wowote, kwani ng'ombe na mbuzi huila kwa hamu. Ikiingia kwenye ardhi iliyolimwa huwa mvamizi asiye na huruma, na nchini Marekani imewekwa katika orodha ya serikali kuu ya magugu hatari yasiyoruhusiwa kuingizwa nchini humo. Nguvu yake imo chini ya ardhi. Ukifukua utaona mashina membamba, meupe, yenye vifundo vilivyofunikwa kwa magamba ya hudhurungi, yakitambaa kila upande na kusukana hadi udongo unashikamana kama mkeka. Ncha zake ni kali kiasi kwamba mara kwa mara tumechimba viazi vikiwa vimetobolewa upande mmoja hadi wa pili. Kila kifundo kina chipukizi lililolala, na kipande kidogo chenye kifundo kimoja kikiachwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mmea mpya.

Kwa sababu hiyo jembe bapa la kawaida, pamoja na uzuri wake wote katika kupanda na kupalilia magugu ya mwaka mmoja, ni adui wa mkulima katika shamba la sangari. Bapa lake hukata mashina yale vipande vipande na kuvifukia upya, kwa hiyo anayelima kwa bidii zaidi ndiye anayepanda sangari nyingi zaidi. Mashine ndogo za kulimia zenye visu vinavyozunguka, ambazo siku hizi hukodishwa vijijini, zina kasoro hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: shamba hupendeza kwa wiki mbili au tatu, kisha linageuka kijani kibichi kutoka mwanzo hadi mwisho. Meno ya jembe uma hayakati. Hupita katikati ya mashina, huyashika na kuyainua yakiwa marefu, na udongo hudondoka kupitia nafasi zilizoachwa baina ya meno.

Kuhusu kifaa chenyewe, tofauti ya ubora kati ya jembe moja na jingine ni kubwa kuliko tofauti ya bei inavyoonyesha. La kwanza nililonunua, katika duka ambalo halina haja ya kutajwa, lilikuwa na meno yaliyochomelewa kwenye kichwa, na jino la pembeni lilikatika pale pale kwenye kiungo kabla hata msimu haujaisha. Ninalotumia sasa lilifuliwa kwa kipande kimoja, na pamoja na mpini lilinigharimu chini ya shilingi 1,000. Dukani, ligeuze uangalie mabega ya meno: usione alama ya kuchomelea wala rangi nzito iliyopakwa kuficha kiungo. Gonga kila jino kwa kipande cha chuma usikilize; chuma kizima hulia kwa sauti ndefu, chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Angalia pia tundu la mpini, kwa kuwa tundu lililo pana kupita kiasi hulazimisha kabari nyingi, na mpini hulegea kila siku kazi inapokolea. Mafundi wa jua kali, wakiwamo wale wa Kamukunji jijini Nairobi, hufua majembe kwa vyuma vya springi za magari, na ukimpata fundi mwaminifu anayekubali kukufulia mbele ya macho yako, jembe lake litadumu miaka mingi. Kwa udongo mwekundu mzito wa kwetu nimeona meno matatu yanazama kwa urahisi kuliko manne. Meno manne yanafaa zaidi kwenye udongo mwepesi, ambako matatu huacha mashina membamba yapenye na kubaki.

Namna ya kulitumia ndiyo inayowashinda wengi, wakiwamo vibarua wazoefu, kwa maana mkono uliozoea jembe bapa hutaka kukata na kuvuta. Jembe uma halivutwi. Hushushwa wima hadi meno yazame, karibu sentimita 20, kisha mpini husukumwa mbele ili kichwa kiinue bonge zima la udongo. Bonge hilo hupigwa kidogo kwa mgongo wa meno hadi lipasuke, na mashina yaliyojitokeza huokotwa kwa mkono, yakifuatwa polepole hadi mwisho wake. Anayevuta kwa nguvu husikia mlio mdogo wa kukatika, na ule ndio mlio wa kazi itakayorudiwa. Inafaa watu wawili wafanye kazi pamoja, mmoja akiinua na mwingine akiokota, kwa sababu anayeshika jembe peke yake huchoka kuinama na huanza kuacha vipande. Mashina yaliyookotwa hayatupwi pembeni mwa shamba wala kwenye shimo la mboji yakiwa mabichi. Tunayaanika juu ya mawe au mabati hadi yavunjike mkononi kama kuni kavu, na hapo ndipo hutandazwa kwenye kahawa. Ya msimu wa mvua, ambayo hayakauki, huzamishwa kwenye pipa la maji hadi yaoze.

Wakati wa kazi una uzito sawa na kifaa. Katika eneo letu, majuma ya mwanzo wa Januari, baada ya mvua za vuli kwisha, ni bora kuliko mengine yote: udongo wa chini bado una unyevu, kwa hiyo mashina hutoka mazima, na jua la Januari na Februari hukausha kila kilichobaki juu. Ukingoja hadi mwisho wa Februari udongo mwekundu hugeuka tofali, meno hayazami, na mashina hukatika. Julai ina ukavu wa kutosha, lakini ukungu na baridi ya milimani havikaushi chochote, na nimeona mashina yaliyoachwa juu ya ardhi mwezi huo yakitoa mizizi upya bila shida. Mtu akipata nafasi moja tu kwa mwaka, basi iwe Januari.

Katika kahawa, faida ya jembe uma huongezeka. Mizizi midogo ya mkahawa inayofyonza chakula imetapakaa karibu na uso wa ardhi, na jembe bapa likipita chini ya matawi huikata bila huruma. Jembe uma huisumbua pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi, hasa ukigeuza mwelekeo ili meno yaelekee mbali na shina badala ya kulizunguka. Karibu sana na shina tunafanya kazi kwa mikono mitupu.

Nimelinganisha kifaa hiki na njia nyingine ambazo wakulima wasiotumia kemikali huuziwa au hushauriwa. Siki kali inayonyunyiziwa majani huyaunguza kwa siku moja na kumfurahisha aliyeilipia, lakini haifiki kwenye mashina ya chini, na majani mapya hutokea. Kufunika ardhi kwa karatasi nyeusi ya plastiki hufanya kazi vizuri kwenye kitalu au bustani ya mboga, mradi ikae miezi kadhaa na kingo zake zifukiwe, ila gharama yake kwa nusu ekari ni kubwa mno. Kuhusu glaifoseti, kiuagugu cha viwandani, ninakiri kwamba ni yenye nguvu, kwa kuwa husafiri ndani ya mmea hadi kwenye mashina yaliyozikwa. Hata hivyo, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, na ingawa mamlaka nyingine za udhibiti hazikukubaliana na hitimisho hilo, mimi sitaki kuinyunyizia juu ya kisima tunachokunywa. Aidha, viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa kwanza mwaka 2007, ambavyo ndivyo msingi wa alama ya Kilimohai inayowekwa kwenye mazao ya kilimo hai, haviruhusu viuagugu vya viwandani, na anayelenga soko hilo hana la kuchagua.

Baada ya kung'oa, ardhi isiachwe wazi. Sangari hupenda jua, na kivuli kizito huidhoofisha. Sehemu iliyochimbwa Januari hupandwa viazi vitamu au njahi, yaani fiwi, mvua za masika zinapoanza Machi, na majani yake yanapofunga ardhi, vichipukizi vilivyosalia hutokea vikiwa vyembamba na vya manjano, rahisi kung'olewa kwa vidole. Kwa wenye mifugo, desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ni chaguo zuri zaidi, kwani hufunika ardhi na kutoa malisho. Mmea huo ndio ambao watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, wameueneza miongoni mwa wakulima wa mahindi kwa ajili ya kuzuia kiduha. Kiduha ni gugu la namna nyingine kabisa na mizizi ya desmodiamu hulishambulia kwa njia yake ya pekee. Kwa sangari msaada wake ni kivuli, na anayeipanda juu ya sangari isiyong'olewa atabaki na vyote viwili.

Zipo hali ambazo sishauri mtu anunue jembe hili. Kwenye ardhi ya mawe meno hupinda, na sururu inafaa zaidi. Kwenye ndago, ambayo wengi huichanganya na nyasi, jembe uma huinua majani na kuacha vifundo vya mviringo vikiwa vimetawanyika udongoni, kwa hiyo manufaa yake ni madogo. Na mwenye ekari kumi zilizojaa sangari asidanganywe na sifa nilizolimwagia jembe hili, kwa sababu hata robo ekari ni kazi ya watu wawili kwa siku nyingi, na malipo ya vibarua yatazidi mavuno. Huyo ni afadhali akodi plau ya meno, ya ng'ombe au ya trekta, ainue mashina juu mara tu mvua za vuli zinapokwisha, ayarudie kabla hayajapata mizizi, kisha anunue jembe uma moja au mawili kwa ajili ya kingo za shamba na kando ya ua, ambako plau haifiki na ambako sangari ya barabarani huingilia kila mwaka.