Deki ya kaseti ipi ununue ukiwa Tanga

Kanda iliyonifanya nihangaike kutafuta deki ni ya dakika 60. Gamba lake lilikuwa jeupe, sasa limegeuka rangi ya samli, na maandishi ya kalamu yamefutika nusu. Upande A kuna taarab iliyorekodiwa ukumbini kwenye harusi ya shangazi yangu, hapa Ngamiani. Upande B ni barua: mjomba yuko Maskati, anamsalimia bibi, anawataja watu wa nyumbani mmoja mmoja, mwisho anakohoa na kanda inakata. Wa rika langu mnazijua barua za namna hiyo. Hazimo kwenye simu ya mtu, hazimo kwenye intaneti, na aliyezisema keshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo deki hizi nimezipanga kwa swali moja tu: ipi itazipiga vizuri kanda za nyumbani kwetu bila kuzitafuna, na siku ikigoma fundi wa hapa ataifungua?

Kanda zetu si rahisi kuzipiga, na sababu ni hii. Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963, utepe wake ulikuwa na upana wa milimita 3.81 na ulipita mbele ya hedi, yaani kichwa kinachorekodi na kusoma sauti, kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Vipimo hivyo ndivyo vilivyopo hadi leo. Ni utepe mwembamba unaokwenda polepole mno. Hedi inayopiga ikiinama unywele mmoja tofauti na hedi iliyorekodi, sauti za juu zinamezwa: matoazi yanazimika, mwimbaji anasikika kama aliyejiziba mdomo kwa kanga. Sasa angalia kabati lako. Kanda hii ilirekodiwa kwa redio kaseti ya jirani. Ile ilirushwa kutoka kanda nyingine, ambayo nayo ilirushwa. Ya tatu ilirekodiwa na betri zilizochoka, mota ikajikokota, kwa hiyo ukiipiga kwenye mashine yenye kasi sahihi mtu mzima anatoka na sauti nyembamba ya mtoto. Kila kanda ina pembe yake na mwendo wake. Mwenye kanda za kiwandani, au alizorekodi mwenyewe kwa deki ileile, hana shida hii. Sisi tunayo, na ndiyo inayoamua mpangilio wangu.

Namba moja: deki ya kanda moja, hedi mbili, ya Kijapani, ya mwisho wa miaka ya 1980 au ya 1990

Nazungumzia Yamaha za KX, Technics za RS-B, Sony za TC-K, Denon za DR, matoleo yao ya kawaida yasiyo na makuu. Wapenzi wa saundi huko nje huzipita wakikimbilia majina makubwa, na ndiyo sababu bado zinapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida kwenye maduka ya mitumba ya umeme, au kwenye kabati la sebuleni kwa mzee ambaye hajaiwasha tangu wajukuu waanze kumletea nyimbo kwa simu.

Ninazipenda kwa sababu ya mlango. Nyingi kati yake kifuniko cha mlango wa kaseti unakivuta juu taratibu, kinachomoka, na hapo hedi iko wazi mbele yako. Pembeni mwa hedi kuna skrubu yenye chemchemi ndogo. Hiyo ndiyo inayoinamisha na kuinua pembe. Weka alama ya wino mahali ilipo sasa ili ujue pa kuirudisha, weka kanda, piga, kama amplifaya yako ina swichi ya mono (inayounganisha sauti ya kushoto na ya kulia) iwashe, kisha izungushe skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko, huku unasikiliza herufi "s" na matoazi. Kuna mahali sauti inafunguka ghafla, kama mtu aliyetoka chumbani akaja barazani. Acha hapo, isikilize na uihifadhi, kisha rudisha skrubu kwenye alama yako.

Mjomba nilimsikia hivyo. Miaka yote nilidhani alirekodi akiwa peke yake. Nilipoigeuza skrubu mpaka ikakaa, nyuma yake nikasikia vikombe, na mwanamume mwingine akimkumbusha jina alilokuwa amelisahau.

Yamaha nyingi za KX za miaka ya 1990 zina kitu kinachoitwa Play Trim, swichi ya kuzungusha inayoongeza au kupunguza sauti za juu wakati wa kupiga. Kwa kanda iliyofifia ni msaada mkubwa, na kwa asiyetaka kushika bisibisi ni afadhali kuliko kukaa bure. Ukikuta mbili za hali moja, moja inayo na nyingine haina, chukua yenye nayo.

Jambo moja kuhusu Dolby, ule mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda, maana nimeona watu wakiiwasha wakidhani inasafisha kila kitu. Dolby ilitengenezwa ifanye kazi pande mbili: wakati wa kurekodi na wakati wa kupiga. Kanda iliyorekodiwa kwa redio kaseti isiyo na Dolby ukiipiga na Dolby imewashwa unazizima sauti za juu zilizobaki. Kwa kanda za nyumbani, izime.

Namba mbili: Tascam 122 MKIII

Hii ilitengenezwa kwa ajili ya studio na vituo vya redio. Ni pana, nzito, imejengwa kukaa kwenye fremu ya vyuma pamoja na mitambo mingine. Ina hedi tatu (ya kufuta, ya kurekodi na ya kupiga), na ina swichi ya kubadili kasi ya kupiga, ambayo kwa kanda ile ya betri zilizochoka ni dawa hasa. Unapunguza mwendo mpaka bibi anakuwa bibi tena. Kama una kanda mia za ukoo na unataka kuzihamisha zote, ningekuambia tafuta hii kabla ya nyingine yoyote. Haikuchukua nafasi ya kwanza kwa sababu mashine za studio zilifanya kazi usiku na mchana. Angalia uso wa hedi kwa tochi. Ukiona mfereji uliochimbika pale utepe unapopita, na kucha yako inanasa ukingoni, hedi imekwisha, na kuipata nyingine ni kazi ya miezi.

Namba tatu: Akai za GX

GX-75 na GX-95 ndizo zinazotajwa zaidi. Hedi zake ni za kioo na feraiti, ngumu kiasi kwamba nyingi bado ziko laini kama siku ya kwanza wakati hedi za kawaida zimeliwa. Ni mashine nzuri kuitazama pia, na sioni aibu kusema hivyo. Ila faida ya hedi tatu anaipata zaidi anayerekodi: hedi moja inaandika, nyingine inamsomea papo hapo kilichoandikwa, akajua kabla wimbo haujaisha kama kiwango kimezidi. Ukitaka kurekodi upya vikundi vya sasa kwenye kanda, ipandishe iwe ya kwanza. Kwa kupiga kanda za zamani peke yake, utalipia kitu usichokitumia.

Namba nne: Nakamichi

Inaniuma kuiweka hapa. Nakamichi Dragon iliyotoka mwaka 1982 inasikiliza kanda na kuinamisha hedi yake yenyewe mpaka pembe ilingane, kanda baada ya kanda, pande zote mbili. Yale yote niliyoyaeleza juu ya bisibisi, yenyewe inayafanya huku umekaa kitini. Hakuna mashine iliyofikiriwa vizuri zaidi kwa watu wenye kanda kama zetu. Lakini bei yake ni ya kiwanja, na ndani ina mota nyingi na saketi ambazo fundi asiyewahi kuifungua hapaswi kujifunzia kwako. Ukiwa na ndugu ughaibuni aliye karibu na fundi anayezijua, na ikaja imeshatengenezwa, ichukue na umshukuru. Vinginevyo usiikopee hela.

Zinazobaki

Anayetaka kitu kipya cha dukani chenye dhamana, TEAC W-1200 ni deki ya kanda mbili ya miaka ya karibuni na ina kubadili kasi. Mtambo wake wa ndani haufikii ule wa zamani, lakini haujala chumvi ya bahari miaka thelathini. Namba tano, kwa heshima.

Namba sita ni redio kaseti kubwa na zile deki za kanda mbili zilizokuja na seti za muziki, zenye oto-rivasi, yaani kupiga upande wa pili bila wewe kuigeuza kanda. Barazani jioni redio kaseti haina mpinzani, na mimi mwenyewe siwezi kuiuza yangu. Lakini oto-rivasi inageuza hedi kila upande unapobadilika, na baada ya miaka pembe ya upande mmoja hailingani tena na ya mwingine. Kwa starehe sawa. Kwa kuhifadhi, hapana.

Namba saba ni zile ndogo za plastiki zinazochomekwa kwenye kompyuta. Kasi yake inayumba, na kanda ya bibi usiitie humo.

Kabla hujatoa hela

Geuza deki utazame nyuma. Hapa watu wengi wanaumia. Deki iliyotoka Japani moja kwa moja imeandikwa voti 100, na umeme wa nyumbani kwetu ni 230. Yangu ya kwanza muuzaji aliniapia kwamba "inakubali umeme wowote". Niliichomeka, ikatoa moshi kabla taa haijawaka vizuri, na nilipoirudisha duka lilikuwa limehama. Voti 100 si sababu ya kuiacha, ila nunua na transfoma ya kushushia umeme, na bei ya transfoma uihesabu ndani ya bei ya deki. Zilizotoka Ulaya au Dubai kwa kawaida ni za 220 hadi 240. Nyingine zina swichi ya kuchagua nyuma. Hakikisha imesimama panapotakiwa.

Nenda na kanda yako ya majaribio. Mji uliotoa vikundi vya muziki kama Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star haukosi kanda iliyorushwa mara mbili mbili ambayo hutailia ikitafunwa. Chagua yenye mlio mrefu wa fidla au akodiani, kwa sababu ngoma zinaficha makosa. Mlio ukitetemeka au kupanda na kushuka kama mtu anayelia, belti imelegea au roli ya mpira inayovuta utepe imekuwa ngumu. Peleka kanda mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, uone inasimama yenyewe. Usinunue kwa kuambiwa "inawaka tu, haizungushi, ni belti". Inaweza kuwa belti kweli. Belti za miaka hiyo huyeyuka zikawa kama lami ndani ya mashine, na fundi mvumilivu anaisafisha kwa siku moja. Lakini bei basi iwe ya mashine isiyofanya kazi.

Mimi hutenga theluthi ya bajeti kwa ajili ya fundi hata deki ikiwa inapiga. Belti mpya, roli, grisi iliyoganda kutolewa, hedi kusafishwa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Hapa Tanga hewa ya bahari inaingia kila mahali, na deki iliyokaa Raskazone, pwani, na iliyokaa Korogwe, bara, hazina kutu sawa. Muulize muuzaji ilikaa wapi.

Kanda zenyewe zitazame kwenye mwanga kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe pembezoni mwa utepe uliojiviringa, hiyo ni kuvu ya masika. Ukiipiga inahamia kwenye hedi na kanda zitakazofuata. Mpe fundi aifungue aipanguse kuvu kwanza. Kanda za dakika 120 zipige mara moja tu na kuzihamisha, maana utepe wake ni nusu ya unene wa zile za 60 na ndizo zinazotafunwa kwanza. Iliyokaa miaka bila kuguswa izungushe kwanza kwa biki, taratibu, usikie kama inakwama.

Na kabla kanda yoyote ya nyumbani haijaingia kwenye deki uliyoinunua leo, geuza mgongo wake utazame vile vijino viwili vya plastiki kwenye kona. Kama havijavunjwa, vivunje. Deki haitaweza kurekodi juu yake hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu.