Kifaa cha Kunyonya Upepo wa Breki: Kinapofaa na Kinapodanganya

Kifaa cha mkono cha kunyonya upepo, chenye geji, kichupa cha kupokea mafuta na mipira myembamba, huuzwa kwa ahadi kwamba fundi mmoja ataweza kutoa upepo kwenye breki ya mbele ya pikipiki bila msaidizi wa kubana leva. Baada ya kukitumia kwa muda, naona ahadi hiyo ni kweli kwa nusu ya kazi tu.

Nusu hiyo ni kujaza mfumo mkavu. Mpira wa breki (bomba linalopitisha mafuta) au kalipa, yaani sehemu inayobana pedi kwenye disiki, ikibadilishwa, leva hubana hewa tupu, nayo hewa hujikunja na kurudi ilipokuwa bila kusukuma kitu. Hapo kifaa hiki huvuta mafuta kutoka kwenye kikopo cha juu hadi kwenye kalipa kwa haraka ya kuridhisha, mradi kikopo kisiachwe kikauke katikati ya kazi.

Matatizo huanza fundi anapotazama viputo ili ajue kama upepo umekwisha. Skrubu ya kutolea upepo inapolegezwa, kifaa hunyonya pia hewa ya nje inayopenya kwenye nyuzi za skrubu (mikunjo yake ya kufungia), hivyo viputo huendelea kuja hata kama ndani ya kalipa hamna upepo tena, na chupa nzima ya mafuta inaweza kumwagwa kwa kufukuza upepo usiokuwepo. Grisi isiyodhuru mpira, ikipakwa kwenye nyuzi pasipo kuziba tundu la skrubu, hupunguza sana udanganyifu huo. Hata hivyo, ugumu wa leva ndio wa kuaminiwa kuliko viputo.

Kasoro kubwa zaidi ni mwelekeo. Upepo hupanda, kifaa huvuta kwenda chini, na kiputo kilichokwama kwenye bolti inayounganisha mpira na masta silinda (pampu ya mafuta iliyo kwenye leva) hakisogei kwa urahisi. Kwa kasoro hii napendelea bomba la sindano safi: hupunguza mafuta kwenye kikopo, kisha husukuma mafuta mapya taratibu kutoka kwenye kalipa kwenda juu, njia ileile ambayo upepo wenyewe unataka kupita. Kikopo kisifurike, kwa kuwa mafuta haya hula rangi. Yakidondoka yaoshwe kwa maji mara moja. Baada ya hapo, usukani ugeuzwe hadi masta silinda iwe juu kabisa, na leva iguswe kidogokidogo ili viputo vidogo vitoke kwenye tundu la kurudishia mafuta.

Leva ikibaki laini baada ya yote hayo, kifaa kisilaumiwe. Mpira wa zamani unaotanuka, pini za kalipa zilizokwama, au disiki iliyopinda inayorudisha pedi nyuma, vyote huleta dalili inayofanana na upepo. Mafuta yaliyozeeka nayo huvuta unyevu: mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubaliwa hushuka hadi 155, na yakichemka huzalisha mvuke unaolegeza leva.

Anayenunua kifaa hiki akijaribu kwanza hapohapo: azibe mdomo wa mpira kwa kidole, avute mpini mara kadhaa, na aangalie geji. Mshale ukirudi wenyewe, kifaa kinavuja, na kitaongeza viputo vyake juu ya vile vya skrubu.