Programu ya kuiga kinu: hesabu zake ni nzuri, lakini ile simu sijaisahau

Mimi ni msimamizi wa usagaji katika karakana ndogo ya mawe ya chokaa upande wa Pongwe, hapa Tanga, na ninaandika haya nikiwa bado na kinyongo na kijana mmoja wa huduma kwa wateja ambaye, baada ya kuniweka kwenye simu mpaka salio likakaribia kwisha, hakuniamkia wala hakuniuliza jina, bali alinikatiza kwa kusema: "Mzee, programu haina tatizo, tatizo ni kinu chenu." Kinu hicho nimekilea tangu sijaota mvi. Naujua mlio wake kikishiba na naujua mlio wake kikiwa na njaa.

Tuliinunua programu hiyo masika yalipokuwa yanakaribia, ili tuweze kujaribu mambo kwenye kompyuta kabla ya kugusa mashine yenyewe, kwa sababu kinu cha gololi, yaani pipa linalozunguka likiwa na gololi za kupondea jiwe, hakifunguliwi ovyo. Ukikisimamisha umesimamisha mishahara ya watu. Mkufunzi wao alitufanyia ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo: alifika asubuhi, akala wali wetu wa nazi mchana, na alasiri haikumkuta.

Niliingiza kila nilichoombwa. Jiwe letu lina fahirisi ya Bond, yaani kipimo cha ugumu wa jiwe kusagika, ya 11.5, asilimia 80 yake huingia ikiwa chini ya milimita 10, na tunataka asilimia 80 itoke ikiwa chini ya mikroni 75, yaani sehemu 75 za elfu za milimita. Programu ikajibu kwamba tutatumia kilowati-saa 12.1 kwa tani, na kwamba kwa umeme tunaouvuta tutapata zaidi ya tani 8 kwa saa. Kwa ujinga wangu nikampelekea bosi karatasi hiyo. Mita yetu ilikuwa ikisoma karibu kilowati-saa 16, na mizani haikuwahi kuvuka tani 6 na ushee.

Tukaanza kutafutana uchawi. Nilimshuku fundi umeme, kisha nikaushuku mkanda wa kulishia, kisha nikachora mstari wa chaki kwenye pipa la kinu na kusimama na saa mkononi nikihesabu mizunguko, vumbi jeupe likinijaa masikioni. Ilikuwa 23 na nusu kwa dakika. Kinu chenye kipenyo cha ndani cha mita 1.8 kikifika mizunguko 31.5, gololi hugandamana na ukuta na haziangukii jiwe tena. Sisi tulikuwa kwenye robo tatu ya ukomo huo, yaani pale pale panapotakiwa. Ndipo nikapiga ile simu, na majibu nimekwisha kuyasema.

Kosa nililigundua mwenyewe, usiku, nyumbani. Kwenye ukurasa wa tatu wa mipangilio, chini kabisa, kulikuwa na kisanduku kilichowekwa alama tangu programu ilipotoka kwa watengenezaji wake: kusaga kwa maji. Kanuni ambayo Mmarekani Fred Bond aliitoa mwaka 1952 imejengwa juu ya usagaji wa majimaji, na anayesaga kavu hana budi kuzidisha jibu kwa 1.3. Sisi hatujawahi kutia hata kikombe cha maji katika kinu kile. Nilipoiondoa alama hiyo, jibu likaruka hadi karibu 16, sawasawa na mita yetu. Kwa hiyo tatizo halikuwa kinu, kijana wangu.

Hapo ningependa kusema msiinunue, na siku ile ningeapa hivyo. Lakini uongo sitausema. Programu hii huyagawa mawe katika makundi kwa ukubwa wa chembe, ikakadiria kila kundi huvunjika upesi kiasi gani na vipande vyake huangukia makundi yapi, na baada ya kupatana nayo iliniambia jambo ambalo masikio yangu hayakuliskia: kwamba mawe makubwa yanachelewa kuvunjika kwa sababu gololi kubwa zimekwisha. Tulipofungua kinu nikaokota gololi niliyoitia ikiwa na milimita 60, nayo ilikuwa imelika ikawa kama limau dogo, ikaenea kiganjani bila kuhangaika. Tukatia mpya, na tani zikapanda. Hazikufika 8, lakini zilipanda.

Basi niseme inafaa? Inafaa, kwa mwenye kujua anachokitafuta. Kwa asiyejua, itamgombanisha na mafundi wake bure, kama ilivyonigombanisha mimi na fundi umeme, ambaye ilinibidi nimwombe radhi mbele ya vijana. Tena haina mahali pa kuandika unyevu wa jiwe, ilhali masika jiwe letu huingia limelowa, unga ukazivaa gololi kama koti na usagaji ukazorota.

Leseni inaisha hivi karibuni. Nimependekeza ilipiwe, ila mazungumzo nimemwachia mhasibu, kwa kuwa namba yao nimeifuta, na pembeni ya kioo cha kompyuta nimebandika karatasi yenye maneno mawili: TUNASAGA KAVU.